Kila Somo na Ushahidi Wake: Jinsi ya Kusoma Historia, Fasihi, Biashara na Saikolojia

Wanafunzi wengi wana njia moja tu ya kusoma: kunakili notisi, kuzipigia mistari kwa kalamu ya rangi, kisha kuzirudia mpaka usiku wa kuamkia mtihani. Njia hiyo huwaangusha kwa sababu masomo haya manne hayadai kitu kimoja. Historia inadai tukio, mahali na mwaka. Fasihi inadai mstari kutoka kwenye matini yenyewe. Biashara inadai hesabu yenye hatua zinazoonekana. Saikolojia inadai dhana iliyotenganishwa vizuri na jirani yake. Msahihishaji hutafuta hicho, na asipokiona, ufasaha wako hauongezi alama hata moja. Kwa hiyo kabla ya kufungua daftari jiulize: somo hili huthibitisha maneno yake kwa kitu gani?

Historia

Tuchukue Vita vya Maji Maji, ambavyo watu wa kusini walipigana na wakoloni wa Kijerumani kuanzia 1905 hadi 1907, mada ambayo mwanafunzi wa Tanzania haikwepi. Gawa karatasi ya A4 safu tatu. Safu ya kwanza andika hoja kwa maneno yasiyozidi matano. Ya pili, tukio na mahali na mwaka wake. Ya tatu, sentensi moja inayoanza na "hii inaonyesha kwamba". Hoja sita kwa mada moja zinatosha; ukiandika kumi na tano hutazikumbuka, na muda wa kuzieleza hutaupata.

Safu ya tatu ndiyo wengi huiacha wazi, na ndiyo inayobeba alama. Angalia jibu hili: "Wajerumani walikuwa wakatili, hivyo Waafrika wakachoka wakapigana." Hakuna uongo hapo, ila sentensi hiyo ungeweza kuibandika kwenye vita vyovyote vya ukoloni. Sasa soma hili: "Kilimo cha pamba cha kulazimishwa kiliwaondoa watu kwenye mashamba yao ya chakula. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete walianza vita kwa kung'oa miche ya pamba. Hii inaonyesha kwamba pamba ndiyo iliyokuwa kero ya karibu zaidi, maana walianza na mmea kabla hawajamgusa mtu." Kitendo cha kung'oa mche kimegeuka kuwa shahidi. Hivyo ndivyo tukio linavyotumika. Halitajwi tu kama pambo.

Baada ya hapo panga sababu zako kwa uzito. Kodi, pamba, kazi za kulazimishwa na mkono mzito wa maakida (wasimamizi waliowekwa na serikali ya Kijerumani) ni sababu za msingi, zilijijenga kwa miaka. Dawa ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, ni kitu kingine: iliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali na kuwapa ujasiri wa kuanza pamoja. Mwanafunzi anayechanganya sababu na kiunganishi hujikwaa pale swali linaposema "Dawa ya maji ndiyo iliyosababisha vita. Jadili." Neno "jadili" linataka pande zote mbili. Toa hoja mbili za kukubali, tatu za kupinga, kisha useme wazi upande upi una uzito na kwa nini. "Eleza" halidai uchague upande. "Kwa kiasi gani" linadai kipimo: kwa kiasi kikubwa, kwa sehemu, au kidogo, na neno hilo lionekane kwenye utangulizi, lisisubiri hitimisho.

Kuna makosa matatu yanayojirudia katika mada hii. La kwanza ni kumfanya Kinjikitile aongoze vita mpaka mwisho. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, na mapigano yakaendelea hadi 1907. Hapo hapo kuna hoja nzuri ambayo wachache huiona: vita vilivyosambaa baada ya kifo cha mwasisi wake havikumtegemea mtu mmoja, malalamiko yalikuwa ya watu wote. La pili ni kuandika kwamba makabila yote ya kusini yaliungana. Wahehe, waliokwisha kuvunjwa nguvu katika vita vilivyomalizika kwa kifo cha mtawala wao Mkwawa mwaka 1898, hawakujiunga. Na kukosekana kwao ni moja ya sababu za kushindwa. La tatu ni idadi ya waliokufa. Wajerumani wenyewe walitaja 75,000, wanahistoria wengine wanafika 250,000 na zaidi. Usichague tarakimu moja ukaiandika kana kwamba ulihesabu. Andika "inakadiriwa kati ya", kisha ongeza kwamba wengi waliuawa na njaa baada ya majeshi ya Kijerumani kuchoma vijiji, mazao na maghala. Sentensi hiyo ya njaa ina thamani kuliko tarakimu, kwa sababu inaeleza jinsi vita vilivyomalizwa. Bunduki za rashasha zilizowazuia wapiganaji pale Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 zilishinda pambano. Njaa ndiyo iliyoshinda vita.

Kwa insha ya dakika 45, tumia dakika 7 kupanga, 33 kuandika, 5 kusoma tena. Dakika saba za kupanga zinaonekana nyingi ukiwa umekaa ukumbini na jirani yako ameshajaza ukurasa, lakini ndizo zinazokuzuia kurudia hoja moja kwa maneno tofauti. Na kama mtihani wako ni wa Kiingereza huku fikra zako ni za Kiswahili, ule mpango wa dakika saba uandike kwa Kiswahili. Hoja ikishakaa sawa kichwani, kuitafutia maneno ya lugha nyingine ni kazi ndogo.

Fasihi

Hapa ushahidi uko mbele ya macho yako, na ajabu ni kwamba watu huuacha wakaenda kusimulia. Tufanye kazi na ubeti huu, uliotungwa kwa ajili ya zoezi hili:

Mto huu una kina, usivuke pasi chombo,
Mawimbi yanapigana, yamezidi kwenda kombo,
Uliza waliopona, wakusimulie mambo,
Vuta subira kijana, nahodha yu huko ng'ambo.

Anza na umbo. Mishororo minne, basi ni tarbia. Hesabu mizani kwa kupiga kidole mezani kwa kila silabi: m-to-hu-u-u-na-ki-na, nane, u-si-vu-ke-pa-si-cho-mbo, nane. Kosa kubwa ni la herufi "m" na "n". Katika "mto" na "nchi" herufi hiyo inasimama peke yake kama silabi, kwa hiyo kila neno lina mizani mbili. Katika "chombo" "m" imeungana na "bo", haihesabiwi peke yake. Kadhalika "huu" ni mizani mbili, irabu mbili hazimezwi kuwa moja. Ukipata saba mahali ambapo mishororo mingine yote ina nane, usikimbilie kuandika kwamba mshairi amekosea. Hesabu tena, mara nyingi umeila "m" moja.

Vina vya kati ni "na", vya mwisho ni "mbo". Kusema hivyo kunakupa alama ya kutambua tu. Alama ya uchambuzi inakuja ukionyesha kazi ya umbo hilo. Kwa mfano, neno "ng'ambo" limewekwa mwisho kabisa wa ubeti, mbali na "mto" uliofungua mshororo wa kwanza. Msomaji analazimika kuvuka mishororo minne kama kijana anavyosubiri kuvuka mto. Unaweza kukubaliana au kukataa, lakini hiyo ni hoja, na imeshikwa na maneno yaliyopo.

Kwenye maudhui, fuata hatua tatu bila kuruka: nukuu, taja mbinu, eleza athari. "Mto huu una kina" (nukuu). Mto ni ishara ya jambo gumu la maisha (mbinu). Kwa kuwa kina cha mto hakionekani juu ya maji, msomaji anahisi hatari asiyoweza kuipima (athari). Wengi huishia hatua ya pili. Wanaorodhesha tashibiha, takriri, sitiari, tashihisi, orodha ndefu kama ya bidhaa za dukani, bila mstari hata mmoja wa ubeti. Mbinu mbili zilizoelezwa hadi mwisho zinalipa kuliko nane zilizotajwa majina.

Riwaya na tamthiliya zina njia hiyo hiyo. Kwa kila kitabu cha kozi, jikusanyie nukuu fupi kumi, zisizozidi maneno tisa kila moja ili zikaririke, na kando ya kila moja andika dhamira mbili inazoweza kutumikia. Nukuu moja ikitumikia dhamira mbili, umepunguza mzigo wako nusu.

Biashara

Biashara haisomwi kwa macho. Ifanye kwa kalamu, na kila hatua iandikwe, kwa sababu ukikosea jibu la mwisho bado utapata alama za njia.

Mfano wa kiwango cha mauzo kisicho na faida wala hasara. Muuza maandazi analipa kodi ya kibanda shilingi 60,000 kwa mwezi. Andazi moja linamgharimu shilingi 120 za unga, mafuta, sukari na mkaa, naye analiuza 200. Kila andazi linamwachia 200 − 120 = 80 za kuchangia kodi. Gawa 60,000 kwa 80, unapata maandazi 750. Akiuza 749 yuko kwenye hasara, akiuza 751 ameanza faida. Akitaka faida ya 40,000, jumlisha lengo na kodi kabla ya kugawa: 100,000 ÷ 80 = maandazi 1,250. Wanaokosea hugawa kodi kwa bei ya kuuzia, 200, wakapata 300, na kwa hesabu hiyo yule muuzaji angefunga kibanda ndani ya mwezi. Wengine huuweka mkaa kwenye gharama zisizobadilika kwa kuwa unanunuliwa kwa gunia. Kipimo ni kimoja: je, maandazi yakiongezeka, gharama hii inaongezeka? Mkaa unaongezeka. Kodi haiongezeki.

Mtego wa pili ni asilimia ya faida. Kitu cha 800 kikiuzwa 1,000, faida ni 200. Juu ya gharama hiyo ni 25%. Juu ya bei ya kuuzia ni 20%. Pigia mstari maneno "ya gharama" au "ya mauzo" kwenye swali kabla ya kushika kikokotoo.

Na jedwali la salio (trial balance, orodha ya masalio ya hesabu zote) likikataa kulingana pande mbili, usianze kukagua upya kila ingizo. Tafuta tofauti kwanza. Ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizopinduliwa: 540 ikiandikwa 450, tofauti ni 90. Isipogawanyika kwa 9 lakini ikigawanyika kwa 2, tafuta nusu yake kwenye vitabu. Huenda kiasi hicho kimewekwa upande usio wake. Hila hizi mbili huokoa dakika kumi za mtihani.

Saikolojia

Somo hili huangusha watu kwa dhana zinazofanana majina. Mfano mkuu ni uimarishaji hasi na adhabu. Neno "hasi" huwapeleka watu kwenye kiboko, kumbe maana yake ni kuondoa kitu. Mtu akimeza dawa, kichwa kikaacha kuuma, kesho atameza tena: maumivu yameondolewa, tabia imeongezeka, huo ni uimarishaji hasi. Adhabu inapunguza tabia. Kwa hiyo uliza maswali mawili kwa mpangilio: tabia imeongezeka au imepungua? Kitu kimeongezwa au kimeondolewa? Mtindo wa Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza jinsi matokeo ya tendo yanavyobadili tabia, utaufungua hivyo kila mara. Wa Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyefanya majaribio kwa mbwa, ni mwingine, pale mbwa alijifunza kuunganisha vichocheo viwili na hakulazimika kutenda lolote ili apate chakula.

Saikolojia pia ndiyo inayotupa ratiba ya masomo yote manne. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba usahaulifu ni mkali mno saa za mwanzo, kisha unapungua kasi. Basi marudio ya kwanza yafanyike jioni ya siku hiyo hiyo, ya pili kesho yake, ya tatu baada ya wiki, ya nne baada ya wiki tatu. Na kurudia maana yake ni kufunga daftari na kuandika unachokumbuka kwenye karatasi tupu kwa dakika kumi, ndipo ulifungue na kujaza mapengo kwa kalamu nyekundu. Kusoma tena notisi kunakupa hisia ya kujua tu. Maneno yanaonekana ya kawaida kwa sababu uliyaona jana.

Jioni moja changanya masomo mawili ya ushahidi tofauti, historia na biashara kwa mfano, dakika 40 kila moja na mapumziko ya dakika 10 katikati. Historia na fasihi zikifuatana, insha zake huanza kuingiliana. Mahali palipojazwa kwa nyekundu mara tatu mfululizo pasisomwe tena kwa njia ile ile: kama ni tarehe, ichoree mstari wa wakati; kama ni hesabu, badilisha tarakimu uifanye upya; kama ni dhana, mweleze mdogo wako nyumbani kwa mfano wa jikoni, na pale atakapouliza "kwa nini?" ukakwama, weka alama hapo hapo, ndipo pa kuanzia kesho.