Usikimbilie miche: jinsi ya kurudisha miti Karamoja kwa kutumia visiki

Kila mwaka mvua ikianza huku kwetu Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwezi wa nne hivi, malori yanafika na miche, watu wanapigwa picha, wanakunywa soda, wanaenda. Rudi pale mwezi wa kwanza utakuta mashimo tu na vijiti vimekauka kama njiti za kiberiti. Sisemi kwa kucheka wengine, mimi mwenyewe nilipanda mia mbili, ikabaki kumi na moja, na hiyo kumi na moja ilipona kwa sababu ilikuwa karibu na nyumba ya mama mmoja aliyekuwa anaimwagia maji ya kuoshea vyombo. So hii naandika kwa mtu ambaye ana kikundi chake cha wakulima, ana panga, na bajeti hana.

Kwanza angalia chini. Tembea shambani na wamama wanaookota kuni na vijana wa mbuzi, maana hao ndio wanajua kila kisiki kilipo. Kale kakichaka kanakofika kwenye goti, kametafunwatafunwa hadi kamekaa kama ufagio, mara nyingi sio kichaka, ni mti mzima uliokatwa zamani kwa ajili ya makaa au kujengea boma, na mizizi yake bado iko hai huko chini inakunywa unyevu ambao mche wako wa kitalu hautaufikia leo wala mwaka kesho. Mwaustralia anaitwa Tony Rinaudo aliliona hili kule Maradi, Niger, mwaka 1983, alikuwa amesimamisha gari apunguze upepo wa tairi ili apite kwenye mchanga, akageuka kuangalia kichaka, kumbe ni kisiki kinachipua. Niger leo wanahesabu zaidi ya hekta milioni 5 zilizorudi miti kwa njia hii, na karibu yote ni vitu vilivyokuwa ardhini tayari.

Lakini panga usishike bado. Itisha mitingi, chini ya mti sio ofisini, wazee wawepo na wamama wawepo na mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, awepo na muhuri wake. Maswali ni machache ila ni magumu: mti ukiota ni wa nani? Mbuzi wanalishwa wapi miezi ya kiangazi? Nani anachoma nyasi na lini? Mtu akikamatwa anakata makaa analipa nini? Hilo la kwanza usiliruke, mtu asipoamini mti ni wake atauuza makaa kabla hujarudi. Na wafugaji wanaopita tu msiwasahau, kama mko upande wa bwawa la Kobebe mnajua Waturkana wa Kenya wanashuka na ng'ombe kiangazi, mkikubaliana bila wao mmekubaliana nusu. Kitu kimoja kinasaidia sana: wazee wana akiriket, pale wanapokaa na kuchinja, na miti ya pale hakuna anayeigusa. Anzia hapo. Huna haja ya kuwafundisha kulinda mti, unawauliza tu kama ile sheria inaweza kusogea hadi kwenye lile shamba.

Sasa panga, na liwe kali kweli. Fanya kiangazi kabla ya mvua. Kisiki kimoja kinaweza kuwa na machipukizi ishirini yanagombania, chagua matatu hadi matano, manene, yaliyonyooka, mengine kata yote karibu na kisiki. Kata kutoka chini kwenda juu, ukipiga kutoka juu gome linachanika hadi kwenye mti wenyewe, maji yanaingia, panaoza. Alafu kwenye yale uliyobakiza ondoa vitawi vya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu, usizidishe hapo, ukiacha majani kidogo juu kama mkia wa jogoo upepo utalivunja. Matawi ya miiba uliyokata zungushia kisiki, mbuzi atafikiria mara mbili. Funga kitambaa cha rangi watu wajue huu una mwenyewe (vyetu vya kwanza watoto walivifungua wakajifunga kichwani, tukafunga tena). Kila miezi miwili mitatu rudi ukate machipukizi mapya. Mwaka wa pili vuna moja kwa ajili ya nguzo au kuni, na hapa ndipo kikundi kinaanza kuamini. Kama mnalima mtama, acheni hatua kumi hivi kati ya mti na mti.

Miti gani? Waachie wao wachague, na utaona wamama wanaenda moja kwa moja kwa ekorete, ule mti wa miiba (Balanites), kwa sababu majani yake yanapikwa wakati wa njaa. Epeduru, yaani mkwaju, nayo haikosi. Mkiwa upande wa Abim au Otuke kuna mti unaoitwa yao, yaani shea, wa mafuta ya moo yaa, huo ukikatwa mnangoja miaka kumi na tano au zaidi kuona tunda, ndio maana makaa yake yanauma sana, na agizo la rais la 2023 la kuzuia makaa ya biashara kaskazini bila watu wa kijiji halitoshi.

Pale ambapo hakuna kisiki, ardhi imekuwa ngumu kama sakafu, chimba shimo lenye umbo la nusu mwezi: upana mita 4, mdomo uangalie juu maji yanakotoka, udongo uweke upande wa chini. Ndani yake panda mbegu moja kwa moja. Za mgunga mwagia maji ya moto uziache humo hadi asubuhi, za mti wa yao panda zikiwa mbichi, zikikaa zinakufa. Na mtu akikuletea mathenge (prosopis, mti wa miiba wa kigeni) kwa sababu inaota haraka, kataa, waulize watu wa Baringo kule Kenya jinsi ilivyovamia malisho yao.

Kuhesabu fanyeni mwezi wa kwanza, kiangazi kimekaza, na wanaohesabu wawe wale vijana wa mbuzi, kokoto moja mfukoni kwa kila mti wenye majani.