Makocha wa timu za wanawake, mzigo wa mazoezi unapimwa hata kwa daftari

Kama timu yako haina zile vesti za GPS zinazopima mchezaji kakimbia kiasi gani usijali, chukua daftari. Mazoezi yakiisha subiri kama nusu saa hivi, muulize kila mchezaji leo ilikuwa ngumu kiasi gani kuanzia 0 mpaka 10, halafu zidisha na dakika alizofanya. Dakika 90 mara 7 ni 630, huo ndo mzigo wake wa siku. Jumlisha wiki nzima, ukiona imeruka ghafla kuliko zilizopita basi punguza, usisubiri goti liongee. Na muulize pembeni mmoja mmoja jamani, mbele ya wenzake kila mtu atakwambia 3 ili apangwe jumamosi.

Asubuhi ongeza vimaswali vichache, kalala vipi, misuli inauma, mudi ikoje, yuko kwenye siku zake au la, ila hili la mwisho awe radhi mwenyewe na ajue nani anasoma majibu. Chelsea ya wanawake enzi za kocha Emma Hayes walishaanza kupanga mazoezi kwa kufuata mzunguko wa hedhi wa kila mchezaji, tangu 2020 huko. Sasa hedhi ikikata miezi mitatu mfululizo na hana mimba, msipongezane eti yuko fiti, mara nyingi chakula anachokula hakilingani na anavyokimbia na mifupa inadhoofika kimyakimya, apelekwe kwa daktari na sahani yake iongezwe wali kabla hujamuongezea raundi za uwanja.