Avenue ya 12, lakini ya wapi? Kwa wenzangu mnaohamia Calgary

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Barabara za namba nimezaliwa nazo: ya kwanza, ya pili, mpaka ya ishirini na moja, zimelala sambamba, na mtoto wa miaka sita akitumwa barabara ya tisa kununua mkate wa ajemi anakwenda na kurudi na chenji kamili. Kwa hiyo nilipoambiwa kuwa Calgary, Kanada, nako mitaa ni ya namba, nilicheka. Nikasema hawa wametuiga. Kiburi hicho kilinikosesha harusi ya mdogo wangu, ndiyo maana naandika.

Nianze na jambo lenyewe kabla sijaanza kulalamika. Ukiandika anwani ya Calgary, usiache zile herufi mbili za mwisho. NW (kaskazini magharibi), NE (kaskazini mashariki), SW (kusini magharibi), SE (kusini mashariki). Usiziache. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Barabara ya tisa kwetu ni moja. Ukimwambia mtu wa bajaji "barabara ya tisa", swali linalobaki ni upande gani, wa msikitini au wa sokoni, basi. Calgary ilifuta majina ya mitaa yake mwaka 1904 ikaweka namba. Iliyokuwa Stephen Avenue, kwa mfano, ikawa Avenue ya 8. Lakini walihesabu mara mbili. Kuna Avenue, zinazokwenda mashariki na magharibi, na kuna Street, zinazokwenda kaskazini na kusini, na kila kundi lina namba zake. Avenue ya 9 ipo na Street ya 9 ipo. Kisha mji wenyewe umekatwa robo nne. Centre Street inatenga mashariki na magharibi. Kaskazini na kusini vinatengwa na mto Bow kwa sehemu kubwa, na upande wa mashariki na Centre Avenue. Namba huanza kuhesabiwa kutoka kwenye mistari hiyo na kukua kila unapotoka nje, pande zote. Maana yake namba ileile unaweza kuikuta kusini magharibi, ukaikuta tena kusini mashariki, na bado hujavuka mto. Kile unachokiita wewe "barabara ya tisa" huku zaweza kufika nane.

Herufi mbili hizo ndizo zinazosema ni ipi kati ya nane. Si pambo, wala si kama kuandika "Ngamiani Kati" kwenye fomu, ukisahau karani anakujazia.

Mimi niliziacha, na sikuziacha kwa ujinga wangu peke yangu. Nilikuwa na ndugu, kaka mmoja wa Muheza aliyetangulia, anaishi Edmonton, mji mwingine wa huku Kanada. Nikamuuliza kwa simu: hizi NW, SW ni nini? Akanijibu kwa ile sauti ya mwenyeji: "Achana nazo hizo. Huku hakuna anayeziandika, barua zinafika." Hakunidanganya. Edmonton nayo ina robo, tangu 1982, lakini karibu mji wote umeangukia robo moja, NW, kwa hiyo wenyeji hawahangaiki kuitaja. Kaka alinipa ukweli wa mji wake, mimi nikautumia kwenye mji wangu. Na hili ndilo ninalowaomba ndugu mliotangulia, kwa heshima zote: mtu akikuuliza jambo la mji usioishi, mwambie huko mimi sikujui. Haipunguzi kitu kwenye uenyeji wako.

Usiku niliofika, nyuzi 24 chini ya sifuri, nikaingia teksi nikasema Avenue ya 12 na namba ya nyumba. Dereva akageuka: SE au SW? Nikamrudishia, kwa sauti kubwa kidogo, "Avenue ya kumi na mbili!", kama vile tatizo lake ni masikio. Akachagua yeye. Akanishusha, akaondoka. Nikabonyeza kengele ya nyumba yenye namba yangu kabisa, ileile, mlangoni kwa chuma cheusi. Pazia likasogea, akatokea bibi wa Kizungu amevaa joho la kuogea, akanitazama mimi na masanduku mawili na mfuko wa visheti. Hakufungua. Alinionyesha kwa kidole kule magharibi, pole pole, mara mbili, na kichwa akakitikisa kama mtu aliyezoea. Sasa hivi nikikumbuka kidole kile naelewa kwamba si mimi wa kwanza kwake. Usiku ule nilimlaumu dereva.

Hapo ndipo mngetegemea nimejifunza. Sikujifunza kitu.

Wiki ya pili nikajaza fomu mtandaoni ya kutumiwa kadi ya ukaazi. Mnazijua fomu za siku hizi: ukiandika herufi chache, chini yake inafunguka orodha ya anwani, unachagua. Nikaandika namba ya nyumba na "12 Avenue". Orodha ikaja. Ya kwanza ilikuwa na namba yangu na Avenue yangu, nikaigusa. Fomu ikajijazia yenyewe mpaka postikodi. Nikafurahi, mfumo wa wenzetu huo. Ya kwanza ilikuwa SE. Mimi nakaa SW. Iliyokuwa yangu ilikuwa ya pili, chini yake, umbali wa upana wa kidole.

Mwenzangu unayesoma, tazama mtego ulivyo. Ukikosea jina la mtaa Tanga, barua haifiki, unajua mapema. Hapa anwani niliyochagua ilikuwa sahihi kabisa. Nyumba ipo, mtaa upo, postikodi inalingana na nyumba. Hakuna mashine wala karani atakayekushtua, kwa sababu hakuna kosa la kuonekana. Kosa ni kwamba pale hukai wewe. Kwa hiyo usiguse ya kwanza. Soma orodha yote mpaka mwisho, kisha angalia herufi mbili, kisha angalia postikodi, uilinganishe na ile iliyo kwenye mkataba wako wa pango. Usiilinganishe na ile iliyo kichwani.

Kadi ikatumwa. Yule bibi, Mungu amlipe, akaandika juu ya bahasha kwamba mtu huyu hayupo hapa, akairudisha posta. Ikarudi ilikotoka, ikaingia kwenye foleni ya vilivyorudi. Mimi nasubiri. Mwezi, miezi. Kutoka Kanada bila kadi ile unaweza, hakuna atakayekushika. Kurudi ndiko kwenye kazi, maana shirika la ndege halikupandishi bila kadi au hati maalumu ya safari ambayo unaiombea ukiwa huko nje. Nina kazi ya kibarua, siwezi kwenda Tanga nikakaa nangojea hati. Harusi ya mdogo wangu nimeiona kwenye simu. Kule saa tatu usiku, ukumbi umewaka taa. Kwangu saa tano asubuhi, niko chumba cha mapumziko kazini nimevaa buti za theluji, mtandao unakatika kila bwana harusi anapogeuka upande wangu.

Mama akanipigia kesho yake. "Kwani mwanangu, barua ikipotea si unauliza majirani? Mtaa mzima hawakujui?" Nikamwambia mama, huku jirani wa mlango wa pili sijui jina lake, na yeye langu halijui, mwaka unakwisha. Akanyamaza. Nadhani lilimuuma hilo kuliko kadi.

Na hapa mnivumilie kidogo. Kwetu nyumba ilikuwa inajulikana kwa mwenyewe: nyumba ya mzee fulani, pana mwarobaini, uliza wale vijana wa bao watakupeleka. Tangu kazi ya anwani za makazi ya 2022 hata nyumba yetu ina namba, na Tanga tuna postikodi zinazoanza na 21, lakini mama bado anaelekeza kwa msikiti. Huku mtu haulizwi, na ukimuuliza anashtuka, anatoa simu yake. Nililichukia sana jambo hili. Kisha jirani wa chini akaanguka usiku, mkewe akapiga 911, namba ya dharura, swali karibu la kwanza alilosikia lilikuwa anwani, na gari la wagonjwa likafika bila mtu kusimama njia panda akipunga kanga. Kwa hiyo sijui nisemeje. Hawajuani, ila wanafikiwa.

Mambo mengine ni mepesi, nayapitia tu. Namba ya nyumba inakuambia ilipo: Mnara wa Calgary uko 101 9 Avenue SW, yaani Avenue ya 9, kati ya Centre Street na Street ya 1, ungekuwa 501 ungeukuta kati ya Street ya 4 na ya 5. Shufwa ziko upande mmoja wa njia, witiri upande wa pili. Kwenye ghorofa, namba ya chumba inatangulia na kistari, kisha namba ya jengo. Postikodi ni herufi, tarakimu, herufi, nafasi, halafu tarakimu, herufi, tarakimu, na za Calgary zinaanza na T. Herufi O na I hazitumiki humo, kwa hiyo ukiona duara ni sifuri, ukiona mstari ni moja. Ukihama, badilisha anwani benki, kwenye leseni, kodi na bima ya afya, na ulipie posta ikuhamishie barua kwa muda.

Vitongoji vipya vina mtego wa namna nyingine. Huko namba zimekwisha, wenye kujenga wameweka majina, na jina ni lilelile. Taradale, kwa mfano: kuna Taradale Drive, kuna Taradale Close, na ndugu zake wengine, zote NE. Ni kama mtu azae watoto saba awaite wote Mwanahamisi, kisha alalamike kwamba akiita wanakuja wote. Huko neno la mwisho la jina la mtaa lina uzito sawa na herufi mbili za robo. Yaandike yote.

Na shangazi zetu na wajomba mnaotuma mizigo kwa mkono wa watu: S.L.P. sina. Usiniambie niitafute. Barua zangu zinakuja kwa anwani ya nyumba, na anayebeba mzigo wako hatauliza dukani, maana muuza duka hanijui. Nakili anwani kama nilivyoituma, usiifupishe, usiipambe, usiongeze "karibu na". Na ukiona namba mbili zimefuatana, kama ile ya mnara, usizigandishe. Nafasi iliyo katikati ni sehemu ya anwani. 101 9 si 1019.

Mdogo wangu, bwana harusi mwenyewe, anakuja mwezi ujao kutembea. Nimemtumia anwani kwa maandishi, nikamwambia aiandike kwa kalamu kwenye karatasi aweke kwenye pasipoti, anipigie picha nione. Jana picha imekuja. SW ipo, kubwa, ameizungushia duara, na chini yake ameandika "Sisi Wenyewe" ili asisahau. Nikacheka peke yangu jikoni. Halafu nikatazama tena. Namba ya nyumba na ile 12 ameziunganisha. Nikapiga simu palepale, kwao ilikuwa saa nane usiku.