Somo: Kumpata ndege mgeni wa nadra Mida na Sabaki, Agosti hadi Novemba

Kusi ikianza kulegea, hori ya Mida hubadilika sauti. Julai unasikia upepo kwenye mikoko na kunguru wawili watatu. Katikati ya Agosti filimbi zinatoka kila upande wa tope: vitwitwi, ndege wasafiri wa topeni, wamerudi. Kuanzia hapo, maleleji yote, upepo unapogeuka, mpaka mvua za vuli, ndio msimu wa wageni kutua pwani yetu. Wengi mmeniomba niandike jinsi ninavyowatafuta wale wa nadra. Nitaeleza ya Mida, jirani na Watamu, na ya mdomo wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, kwa kuwa huko ndiko nilikozoea. Aliye Tanga au Kunduchi achukue taratibu hizi hizi.

Hatua ya 1: Anza na maji, ndege baadaye

Hili nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi wa Dabaso ambaye hajawahi kushika darubini. Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi nikitazama vidoa vyeusi mbali kwenye tope. Akapita na nyavu zake, akaniambia: "Ngoja maji yakuletee." Akaendelea na safari yake. Saa tatu baadaye ndege walikuwa hatua thelathini kutoka miguuni pangu.

Maji yakipwa, ndege husambaa eneo lote la hori wakila, na huwezi kuwakaribia bila kuwafukuza. Yakijaa, tope linapungua nao wanasogezwa kidogo kidogo hadi ukingoni. Kwa hiyo jifunze mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani ya Mombasa hadi Malindi maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne. Ndani ya hori huchelewa kidogo. Siku hizo uwe umekaa mahali pako saa saba na nusu mchana. Ukipenda asubuhi, fika kunapambazuka: maji ndiyo yanatoka, na ndege wanashuka kula kwenye ukanda wa kwanza wa tope, karibu nawe.

Maji mafu, ya siku za mwezi nusu, usiyategemee. Hayafuniki tope lote, na ndege hubaki huko huko mbali siku nzima.

Hatua ya 2: Vifaa

Darubini inayokuza mara 8 inatosha. Ya miguu mitatu ni nzuri mno kwa Sabaki, lakini mkiwa watu watano, moja inawatosha nyote. Kofia, maji ya kunywa, daftari, kalamu. Viatu vifunge vidole, maana chaza kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Mida kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kujifichia. Kiingilio chake husaidia karo za watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Lipeni kwa moyo mweupe.

Hatua ya 3: Wajue wenyeji wa msimu mpaka wakuchoshe

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakuja na picha ya ndege mmoja wa nadra kwenye simu, wanampekua siku nzima, na wanaondoka bila kumwona hata yule aliyekuwa mbele yao. Mgeni wa nadra anaonekana kwa sababu *hafanani* na wale mia mbili unaowajua. Usipowajua hao mia mbili, huna cha kumlinganisha naye.

Anza na hawa. Sululu mdogo (*Numenius phaeopus*) ana mdomo uliopinda chini na mistari utosini, na akiruka hupiga filimbi kama saba mfululizo. Kitwitwi wa Terek mdomo wake umepinda juu, miguu ni ya rangi ya chungwa, na hukimbia kama amechelewa, akifukuza vikaa. Kuna kitwitwi wa Aktiki (*Calidris ferruginea*) anayezaliana Siberia: wakubwa hutangulia Agosti, tumbo bado lina wekundu wa harusi, kisha makinda ya mwaka huo hufuata Septemba, kifua kikiwa na rangi ya samli. Makinda hayo yamevuka nusu ya dunia bila kuongozwa na wazazi. Kila mwaka nikiwaona moyo wangu hujaa.

Kisha mla-kaa, *Dromas ardeola*. Mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama koleo. Huyu huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Hangoji kaskazi kama majahazi yalivyokuwa yakingoja; Agosti tayari ameanza kufika. Mtazame kwa utulivu na utaona mtoto mwenye mgongo wa kijivu akimfuata mzazi na kuomba chakula. Wamesafiri pamoja, na malezi yanaendelea hapa kwetu. Duniani si ndege wa kawaida hata kidogo, lakini Mida huja kwa makundi. Tuna bahati kubwa.

Hatua ya 4: Hesabu kundi, mmoja mmoja

Kundi likisimama kupumzika, anza kushoto, nenda kulia, hesabu kila kichwa. Ukimaliza, rudi kulia kwenda kushoto. Kuhesabu kunalazimisha macho kusimama kwa kila ndege, na hapo ndipo unapomkuta aliye tofauti: kitwitwi mdogo mwenye nyusi mbili juu ya jicho na mdomo uliopinda kidogo chini nchani (*Calidris falcinellus*), au mla-chaza mwenye mdomo mwekundu.

Sabaki fanya hivyo hivyo kwa shakwe. Walio wengi ni shakwe wa rangi ya moshi, mdomo wa manjano-kijani wenye ncha nyekundu na nyeusi. Tafuta kati yao mwenye mdomo mwembamba zaidi, mwekundu ulioiva, ncha nyeusi: huyo ni shakwe jicho-jeupe wa Bahari ya Shamu, na kwetu ni nadra. Wote wawili wana weupe kuzunguka jicho, kwa hiyo jina lisikudanganye, tazama mdomo.

Hatua ya 5: Andika kabla ya kufungua kitabu

Ukubwa akilinganishwa na jirani yake, mdomo, miguu, alama za bawa akiruka, sauti, saa, hali ya maji. Piga picha hata mbaya. Ukishafungua kitabu, macho huanza kuona kilichochorwa. Kisha peleka taarifa kwenye eBird au Kenya Bird Map, tovuti zinazokusanya taarifa za ndege walioonekana.

Na usiwarushe ndege waliopumzika ili upate picha. Nguvu wanazopoteza ni mafuta ya safari.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi Kilifi, sina darubini. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Njoo siku ya bamvua, keti, usitembeetembee. Sululu, Terek na mla-kaa utawatambua kwa macho matupu. Jifunze sauti pia, masikio hayanunuliwi.

*Wale viulimazi wawili wa mchangani, mkubwa na mdogo, mimi nawachanganya kila mara.*

Hata mimi hunichukua muda. Pima mdomo: wa mkubwa ni mrefu kuliko nafasi kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, na miguu yake ni mirefu, ya kijani-manjano. Mdogo ana miguu myeusi zaidi. Subiri wasimame bega kwa bega. Akiwa peke yake na mbali, andika "kiulimazi" tu. Hakuna aibu.

*Kozi wa Amur hupita lini? Nilikuja Oktoba sikumwona.*

Ulimtangulia. Anatoka Uchina na Siberia, anapita India, kisha anavuka Bahari ya Hindi na kutufikia Novemba na Desemba. Angalia mbele ya mawingu ya mvua za vuli, hasa ukiona kereng'ende wengi hewani. Nao huvuka bahari ile ile, na kozi huwala. Oktoba ungetazama kozi wa moshi aendaye Madagaska.

*Niko Muscat. Je, hao wala-kaa wenu naweza kuwaona huku?*

Naam, nenda Barr Al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masirah. Ukiona mwenye pete mguuni, soma rangi kuanzia juu kwenda chini, mguu wa kulia na wa kushoto, uitume kwa watafiti waliomvisha. Huenda tumeshamwona Mida.

*Kwa nini tuandike hata wa kawaida? Si wanajulikana?*

Kulikuwa na sululu mdomo-mwembamba, *Numenius tenuirostris*. Zamani alionekana kwa makundi Afrika Kaskazini. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ni 1995, Merja Zerga, Morocco. Sasa ametangazwa kuwa ametoweka. Watu walipoanza kumhesabu kwa bidii, alikuwa karibu ameisha. Kitwitwi wa Aktiki naye anapungua. Andika hata kama ni wale wale mia mbili.

*Sabaki ni salama kutembea peke yangu?*

Hapana. Mtoni mna viboko, na mvua ikinyesha bara maji mekundu hupanda ghafla na kula mchanga uliopita asubuhi. Chukua kijana wa hapo kijijini anayejua vivuko, mlipe vizuri, na mrudi kabla ya magharibi.