Jinsi ya kutengeneza jeli ya moyo wa nguruwe kwa ajili ya misuli iliyokosa oksijeni

Kwa nyie wa maabara, hii ndo jeli ya kina Karen Christman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California San Diego, inadungwa kwenye moyo ulioumia baada ya mshtuko wa moyo.

Chukua ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto ya moyo wa nguruwe, toa mafuta yote, katakata vipande vidogo, loweka kwenye SDS 1% (sabuni kali ya maabara) ikizungushwa taratibu na ubadilishe kila siku mpaka nyama iwe nyeupe pe, hapo seli zimetoka imebaki kolajeni na protini wenzake. Suuza sana jamani, SDS ikibaki inaua seli, na hapa ndo wengi wanaharakisha. Gandisha, kausha kwa vakyumu, saga.

Miligramu 10 za unga weka kwa mililita 1 ya HCl (asidi) 0.1 M yenye pepsini miligramu 1 (kimeng'enya kinachokatakata protini), koroga siku mbili hivi. Halafu juu ya barafu rudisha pH 7.4 kwa NaOH (besi), pepsini inazimika hapohapo. Ikifika nyuzi 37 inaganda yenyewe, ndo maana inapita kwenye katheta (mrija mwembamba unaofika moyoni) ikiwa majimaji halafu inashika ndani ya misuli, mishipa midogo inapata pa kuotea. Wagonjwa 15 wa kwanza kujaribiwa jeli hii matokeo yao yalitoka 2019, ila ya kwako iishie kwenye sahani za seli.