Kabla ya Kutoboa Zege: Maandalizi ya Kupunguza Radoni Besimenti kwa Mikono Yako

Mwenye nyumba wa Des Moines, Cedar Rapids au Iowa City, miji ya jimbo la Iowa nchini Marekani, ambaye kipimo cha radoni cha besimenti yake (orofa iliyo chini ya ardhi) kimerudi na namba iliyovuka 4, kiwango cha kuchukua hatua, huingiwa na hamu ya kwenda dukani Jumamosi ile ile, kununua bomba na feni, na kuanza kutoboa sakafu. Hamu hiyo inaeleweka, kwa kuwa fundi mwenye leseni kwa kawaida hutoza zaidi ya dola 1,000, ilhali vifaa vyenyewe, feni ikiwemo, hupatikana kwa mia kadhaa tu. Hata hivyo, katika kazi hii kutoboa ndiko kwepesi. Kinachoamua iwapo nyumba itapona, au itabaki na radoni ile ile pamoja na tatizo jipya juu yake, ni yale yanayofanywa kabla ya drili kuwashwa, na ndiyo yanayoelezwa hapa.

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayozaliwa ardhini pale madini ya urani yanapovunjika polepole na kuwa elementi iitwayo radiamu, nayo radiamu ikavunjika na kuwa radoni. Nusu ya kiasi chake hutoweka kila baada ya siku 3.8, lakini mazao yake, yakiwemo aina mbili za poloni, metali yenye mnururisho, hushika vumbi la hewani, huvutwa mapafuni na kutoa mnururisho humo humo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kuwa radoni husababisha vifo vipatavyo 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka nchini humo, na kuiweka nyuma ya sigara tu. Anayevuta sigara ndani ya nyumba yenye radoni hatari yake huwa kubwa mara nyingi zaidi. Iowa ina bahati mbaya ya udongo wake: barafu kuu za kale zilisaga miamba yenye urani na kuutandaza unga wake jimbo zima, ndiyo maana wilaya zake zote 99 zimo katika kundi la juu kabisa la ramani ya radoni ya EPA.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba namba uliyonayo ni ya kweli. EPA inataka nyumba itengenezwe kipimo kinapofika pikokyuri 4 kwa lita, yaani bekereli 148 kwa mita ya ujazo (vyote viwili ni vizio vya mnururisho), na inashauri ulifikirie jambo hilo hata kati ya 2 na 4. Shirika la Afya Duniani liko chini zaidi, kwenye bekereli 100. Kipimo cha siku chache cha makaa, yaani kikopo chenye makaa yanayonasa radoni, hutosha kwa kuanzia, mradi madirisha yote yafungwe saa 12 kabla na yabaki yamefungwa muda wote wa kupima, milango ikifunguliwa kwa kupita watu tu. Kikopo huwekwa katika orofa ya chini kabisa inayokaliwa, mahali pa kimo cha inchi 20 au zaidi kutoka sakafuni, mbali na dirisha na ukuta wa nje, wala kisiwekwe jikoni, bafuni au penye mashine ya kufulia. Muda ukiisha, kifungwe na kutumwa maabara siku ile ile, kwa sababu radoni iliyonaswa inaendelea kuvunjika na kupungua ndani ya bahasha. Kipimo cha kwanza kikivuka 4, pima tena. Kikivuka 8, usingoje kipimo kirefu cha miezi mitatu, rudia kile kifupi mara moja. Namba ya jirani haikuhusu. Mwezi Desemba 1984 mhandisi Stanley Watras alikuwa akiziamsha kengele za mnururisho katika kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, kila alipoingia kazini, na chanzo kikaonekana kuwa nyumba yake mwenyewe, ambayo hewa yake ilikuwa na takriban pikokyuri 2,700 kwa lita. Hadi siku ile hakuna aliyekuwa na sababu ya kuishuku.

Pili, hakikisha kwamba una haki ya kuifanya kazi hiyo. Majimbo kadhaa, Iowa na Minnesota yakiwemo, yanadai leseni au cheti kwa anayefanya kazi ya radoni kwa malipo, huku yakimwachia mwenye nyumba atengeneze nyumba anayoishi mwenyewe. Ruhusa hiyo haimfuati shemeji anayekuja kusaidia kwa ujira, wala haimhusu mpangaji, ambaye lake ni kumpelekea mwenye nyumba matokeo kwa maandishi. Simu moja kwa idara ya afya ya jimbo na nyingine kwa ofisi ya vibali ya mji, hasa kuhusu waya wa umeme wa feni, zinatosha kulimaliza jambo hili.

Sasa sakafu yenyewe, na hapa inafaa kukaa muda. Njia iliyothibitika zaidi ni kutoboa tundu katika zege, kushusha bomba, na kuweka feni inayovuta hewa ya chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Mantiki yake ni nyepesi. Wakati wa baridi hewa yenye joto hupanda na kutokea juu ya nyumba, besimenti ikabaki na mgandamizo mdogo kuliko udongo, na kwa hiyo nyumba huinyonya ardhi kama mtu anywaye kwa mrija. Feni huugeuza mnyonyo huo: ukiufanya mgandamizo wa chini ya zege kuwa mdogo kuliko wa besimenti, hewa ya nyufani itashuka badala ya kupanda. Ndiyo sababu kuziba nyufa peke yake si dawa. Wengi huanza hapo kwa kuwa ni rahisi, kisha hushangaa namba haijashuka; gesi hupita hata kwenye uwazi usioonekana kwa macho. Kuziba kunahitajika, lakini kazi yake ni kuisaidia feni isipoteze nguvu kwa kuvuta hewa ya chumbani.

Kwa hiyo lazima ujue kilicho chini ya zege. Zege likiwa limemwagwa juu ya kokoto, tundu moja linaweza kuhudumia sakafu nzima. Likiwa juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, mvuto hufa baada ya hatua chache na huenda ukahitaji matundu mawili au zaidi. Ikiwa kuna shimo la pampu linalokusanya maji ya mifereji ya kuzunguka msingi, huenda hutahitaji kutoboa kabisa, kwani mifereji ile tayari imezunguka nyumba, na kifuniko kisichopitisha hewa chenye tundu la bomba kinaweza kuigeuza kuwa njia ya kuvutia gesi. Jiulize pia ni wapi bomba la maji safi linaingilia, bomba la maji machafu linapita wapi, kama kuna nyaya, na kama sakafu imelazwa mirija ya kupashia joto. Zege lililoimarishwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa lisitobolewe kabisa bila mtaalamu, maana waya ukikatwa hufyatuka kwa nguvu ya kuua. Nyumba ya zamani yenye vigae vya inchi 9 vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi ishukiwe kuwa na asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, hadi maabara iseme vinginevyo.

Kabla ya kutoboa tundu kubwa, lijaribu zege kwa tundu dogo. Toboa tundu moja la kuingiza bomba la mashine ya kufyonzea uchafu mahali unapokusudia kuweka bomba, kisha vitundu vyembamba vya nusu inchi karibu na kuta za mbali. Mdomo wa kutolea hewa wa mashine uelekezwe nje ya nyumba, kwa sababu hewa hiyo ndiyo yenye radoni kuliko zote. Washa mashine, washa na kijiti cha udi, piga magoti na ukishike karibu na kila kitundu. Moshi ukiinama na kumezwa na sakafu, mvuto umefika. Ukiendelea kupanda wima kana kwamba hakuna kilichotokea, hapo haujafika na tundu lihamishwe au liongezwe. Pitisha kijiti hicho hicho kwenye mshono wa ukuta na sakafu, kuzunguka bomba za maji na juu ya kuta za matofali yenye uwazi ndani, ukiweka alama ya chaki kila moshi unapoyumba. Kuna vifaa vya kuuza vya kutoa moshi kwa kazi hii, lakini udi uliobaki tangu Idi hufanya kazi ile ile, na besimenti hunukia.

Lipo jambo ambalo wajenzi wa nyumbani hulisahau, nalo ndilo linaloweza kuua usiku mmoja wakati radoni huchukua miaka. Besimenti nyingi za Marekani zina hita ya maji na tanuri la kupashia nyumba joto, vyote vya gesi, ambavyo moshi wake hupanda wenyewe kwenye dohani bila kusukumwa. Feni ya radoni ikivuta hewa nyingi ya besimenti kupitia nyufa ambazo hazikuzibwa, dohani inaweza kugeuka njia ya hewa kushuka, na moshi wenye monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, ukamwagika ndani. Funga madirisha na milango yote, washa feni za jikoni na bafuni pamoja na mashine ya kukaushia nguo, kisha fungua maji ya moto hadi hita iwake. Baada ya dakika chache shika udi kwenye uwazi ulio juu ya hita. Moshi ukiingia dohani, ni salama. Ukirudi usoni kwako, kazi ya radoni isimame hadi fundi wa gesi aje. Jaribio hili hufanywa kabla ya kuanza na hurudiwa feni ya radoni ikiwa inazunguka. King'ora cha monoksidi ya kaboni kiwepo katika orofa ya chini na karibu na vyumba vya kulala kwa hali yoyote.

Njia ya bomba ichorwe kwenye karatasi kuanzia sakafuni hadi mdomo wa juu. Bomba la PVC la inchi 3 au 4 ndilo la kawaida, na lisiwe na mahali palipolala au kubonyea, kwa kuwa hewa ya udongoni ina unyevu, na wakati wa baridi unyevu huo hugeuka maji yanayopaswa kurudi ardhini; yakituama yataziba njia. Feni haikai besimenti wala mahali popote chini ya vyumba vya kuishi. Huwekwa darini au nje ya ukuta, kwani kutoka kwenye feni kwenda juu bomba husukuma badala ya kuvuta, na kiungo kinachovuja hapo kitamwaga ndani ya nyumba radoni iliyokwisha kukusanywa. Mdomo wa juu uwe futi 10 au zaidi kutoka ardhini, upite ukingo wa paa, na uwe futi 10 mbali na dirisha au mlango, ama uwe juu yake kwa futi 2. Feni huzunguka saa 24 mwaka mzima; yenye wati 60 hutumia uniti zipatazo 525 kwa mwaka, hesabu ambayo ni bora uifanye sasa kuliko bili itakapofika.

Vifaa vya kukodi ni drili ya nyundo au ile ya kukata zege kwa mduara, inchi 5 kwa bomba la 4. Barakoa ya kitambaa haikingi vumbi laini la silika linalotoka kwenye zege. Nunua ya kichujio cha P100 (daraja linalozuia karibu vumbi lote), miwani na vizibo vya masikio, na uweke mashine ya kufyonza mdomoni mwa tundu muda wote. Andaa na ndoo kadhaa, kwa sababu tundu likishakatwa utaingiza mkono hadi kiwikoni na kutoa kokoto na udongo, ndoo moja au mbili, upate kishimo ambacho hewa kutoka kila upande itakusanyika. Mkono wenye pete au saa hautoki kirahisi humo. Kwa nyufa nunua gundi ya poliyurethani, ambayo hushika zege vizuri kuliko silikoni, na usafishe vumbi kabla ya kuipaka.

Kipimo cha mvuto, yaani kile kijirija chenye umbo la U na mafuta ya rangi, kinunuliwe pamoja na feni. Feni ikiwa imezimwa mafuta husimama sawa pande zote mbili. Ikiwashwa, upande mmoja hupanda, nawe huweka alama ya kalamu hapo na kuandika tarehe. Mafuta yakirudi sawa, feni imekufa au bomba limeziba. Kijirija hicho, hata hivyo, kinaonyesha mvuto tu na hakijui lolote kuhusu radoni, kwa hiyo kikopo cha pili cha makaa kiwe tayari kabatini kabla hujaanza, kifunguliwe baada ya feni kuzunguka walau saa 24 na kabla ya siku 30 kupita, mahali pale pale pa kipimo cha kwanza, na kingine kila baada ya miaka miwili.