Jinsi ya Kuandika Historia ya Kikosi cha Ndege za Kujaza Mafuta Angani: Mfano wa Kikosi cha 100

Fuata namba ya kikosi, usifuate ndege wala kambi. Ndege huhamishiwa kwingine na kambi hubadili wenyeji, lakini namba ndiyo inayobeba nasaba, bendera na tuzo za vita. Kikosi cha 100 cha Jeshi la Anga la Marekani, ambacho leo kiko Mildenhall, Uingereza, ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwani karibu kila mtego unaowanasa waandishi umo ndani yake.

Anza na karatasi ya nasaba na tuzo. Hizi hutolewa na ofisi ya utafiti wa historia ya jeshi hilo, iliyoko kambi ya Maxwell, Alabama. Chora jedwali la safu nne: tarehe, jina rasmi, kambi, aina ya ndege. Andika mstari mpya kila safu yoyote inapobadilika, hata ikiwa ni moja tu.

Kwa Kikosi cha 100, mstari wa kwanza ni Juni 1942, Orlando, Florida, kikiwa cha mabomu. Juni 1943 kilikuwa Thorpe Abbotts, Norfolk, Uingereza, kikirusha ndege za mabomu za B-17. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo, kwenye shambulio la Münster, Ujerumani, ndege zake 12 hazikurudi. Desemba 1945 kikafungwa. Mwaka 1956 namba 100 ikaibuka tena New Hampshire na ndege za mabomu za B-47, pamoja na ndege za KC-97 za kuzijaza mafuta. Mwaka 1966 ikahamia Arizona kwenye upelelezi wa ndege za U-2. Septemba 1976 ikawa Beale, California, ikiwa na KC-135Q, ndege za kujaza mafuta zilizoweza kubeba mafuta maalumu ya ndege ya upelelezi ya SR-71 mbali na yale ya injini zao wenyewe. Machi 1983 ikafungwa, na tarehe 1 Februari 1992 ikafunguliwa Mildenhall na KC-135R, aina nyingine ya ndege hizo.

Sasa angalia makosa yanakotokea. Wengi huandika kwamba kikosi hiki kimekuwa Uingereza tangu vita vya pili. Si kweli: kati ya 1945 na 1992 makao yake hayakuwa huko, na Thorpe Abbotts na Mildenhall ni viwanja viwili tofauti. Kosa la pili ni gumu zaidi. Kilichopigana 1943 kilikuwa cha ngazi ya kundi (group). Kilichoundwa 1956 kilikuwa cha ngazi ya juu yake (wing), chombo kingine kabisa kisheria. Mwanzoni kilikabidhiwa tu heshima za kundi, na baadaye ndipo viwili vikaunganishwa kuwa nasaba moja. Usipoandika hatua hiyo, msomaji hataelewa kwa nini mikia ya KC-135 za Mildenhall ina herufi D ndani ya mraba, alama ya B-17 za Thorpe Abbotts.

Picha hutoa ushahidi mzuri ukijua kusoma mkia. Tarakimu 80100 maana yake ni ndege 58-0100: ile 8 ni mwaka wa bajeti 1958, si mwaka iliporuka mara ya kwanza. KC-135 ziliagizwa kwa bajeti za 1955 hadi 1964, hivyo kila tarakimu ya mwisho ina mwaka mmoja tu. Jihadhari na zile za 1964: namba zake ni ndefu, kama 64-14840, na mkiani mwaka huweza kudondoka, zikabaki 14840 tu, ukadhani ni ya 1961.

Kwenye mafuta, hakikisha kipimo. Rekodi za Wamarekani hutumia pauni, na waandishi huzigeuza galoni bila kukokotoa. Galoni moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa takriban pauni 6.7. KC-135 huweza kutoa hadi pauni 200,000, yaani kama kilo 90,700. Huo ni uwezo wa juu. Kiasi kilichotolewa siku fulani kitafute kwenye taarifa ya safari yenyewe.

Usisahau usafirishaji. Mafuta mengi hukaa kwenye mabawa na chini ya sakafu, kwa hiyo sehemu ya juu hubaki wazi kwa watu na mizigo, hadi takriban kilo 37,600. Safari hizo zitafute peke yake, kwa sababu taarifa nyingi za mwaka huhesabu ndege zilizojazwa na kuacha abiria na shehena.